Sura ya 7: Toleo Gani, Seva Gani

Ndani ya saa ya kwanza, kila anayejifunza Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, hukutana na maelekezo mawili mafupi. Moja linamtajia toleo la Python analopaswa kuwa nalo. Jingine linamwambia aandike `python manage.py runserver` kisha afungue kivinjari kwenye anwani 127.0.0.1, poti 8000. Waandishi wengi wa vitabu vya programu huyapita haya kwa mistari mitatu, wakikimbilia hifadhidata na violezo vya kurasa. Mimi nayapa sura nzima, kwa sababu nimeona vijana wengi zaidi wakikata tamaa hapo kuliko mahali pengine popote katika safari ya kujifunza.

Maelekezo yenyewe si magumu. Tatizo lake ni kwamba huchakaa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyaraka. Maelezo ya nini maana ya modeli yaliyoandikwa miaka kumi iliyopita bado yanasomeka leo. Mstari unaosema "tumia Python hii na Django ile" unaweza kuwa umekwisha kabla ya mwanafunzi kumaliza muhula. Nani anausasisha, kwa kanuni gani, na nini kinatokea asipousasisha? Haya ni maswali ya uhandisi sawa na swali lolote la msimbo, na nadhani mradi wa Django umeyajibu vizuri kuliko miradi mingi.

Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari. Mwaka 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Mhariri hangoji. Habari ya jioni ikihitaji ukurasa wake, ukurasa unatakiwa jioni hiyohiyo. Walichokiunda ili kuimudu kasi hiyo kilitolewa kwa umma Julai 2005 chini ya leseni huria ya BSD, kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Toleo la 1.0 lilifuata Septemba 2008, mwaka uleule ilipoundwa Django Software Foundation, taasisi inayoulea mradi hadi leo.

Watu wa gazeti huheshimu maandishi, na heshima hiyo ilibaki. Jacob Kaplan-Moss, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa mradi, alitetea waziwazi msimamo kwamba nyaraka nzuri huandikwa na binadamu anayeijua programu, na kwamba kurasa zinazozalishwa na mashine kutoka kwenye msimbo hazimsaidii msomaji. Nyaraka za Django zinakaa katika folda iitwayo `docs`, ndani ya hazina ileile yenye msimbo. Ukileta kipengele kipya bila kukiandikia maelezo, kazi yako haijakamilika na haipokelewi. Hapo ndipo penye siri ya mambo yote yatakayofuata: ukurasa na msimbo hubadilika kwa pamoja, mikononi mwa watu walewale, na hukaguliwa kwa jicho lilelile.

Tuingie kwenye hesabu ya matoleo. Tangu Django 2.0 ya Desemba 2017, mradi hutoa toleo lenye vipengele vipya takribani kila baada ya miezi 8, na mzunguko mmoja una matoleo matatu: la nukta sifuri, la nukta moja na la nukta mbili. La nukta mbili ndilo la msaada wa muda mrefu. Hupata viraka vya usalama kwa takribani miaka 3. Mawili yanayolitangulia hupata miezi 16 hivi tu, nusu ya kwanza kwa marekebisho ya kawaida na nusu ya pili kwa hatari za usalama na hitilafu zinazoweza kupoteza data. Django 2.2 ilitoka Aprili 2019, ikafikia mwisho Aprili 2022. Django 3.2 ilitoka Aprili 2021, ikafikia mwisho Aprili 2024. Django 4.2 ilitoka Aprili 2023, na mwisho wake ukapangwa Aprili 2026. Django 5.2 ilitoka Aprili 2025 na imepangiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2028. Mwenye kampuni ndogo anayeutazama mpangilio huu anaweza kupanga kazi yake mapema: kila baada ya miaka miwili kuna toleo la kuhamia, na ana takribani mwaka mmoja wa kuhama bila kubaki nje ya ulinzi.

Python nayo ina saa yake. Tangu Python 3.9 ya Oktoba 2020, toleo jipya hutoka kila mwaka mwezi huo, na kila toleo hutunzwa kwa miaka 5. Ili saa hizi mbili zisigongane, Django ina kanuni moja. Toleo la Python litaendelea kukubaliwa mpaka kwenye Django ya kwanza ya muda mrefu ambayo huduma yake ya usalama inakwisha baada ya huduma ya Python hiyo kwisha. Tazama inavyofanya kazi: Python 3.9 ilifikia mwisho Oktoba 2025, na Django 4.2 ilipangiwa Aprili 2026, basi 4.2 ndiyo ya mwisho kuikubali 3.9. Python 3.11 itafikia mwisho Oktoba 2027, na Django 5.2 Aprili 2028, basi 5.2 ndiyo ya mwisho kuikubali 3.11. Django 6.0, iliyotoka Desemba 2025, inaanzia Python 3.12.

Kinachonivutia katika kanuni hii ni kwamba mtu yeyote anaweza kuikokotoa mwenyewe. Hahitaji kumjua mtu ndani ya mradi wala kungoja tangazo. Hahitaji kubahatisha pia. Anayetengeneza mfumo wa shule au wa zahanati anaweza kukaa na kalamu na kujua, miaka miwili kabla, ni mwezi gani seva yake itahitaji Python mpya.

Hesabu yote hiyo hutua kwenye jedwali dogo lililo katika ukurasa wa maswali ya usakinishaji: upande mmoja Django, upande wa pili matoleo ya Python yanayokubalika. Lisome kama unavyosoma tarehe ya mwisho kwenye boksi la dawa. Halisemi kwamba kitu kitaacha kufanya kazi siku hiyo; linasema kuanzia siku hiyo hakuna anayekuahidi chochote. Na usiruke maelezo ya pembeni. Jedwali linapoonyesha kwamba Python 3.10 iliongezwa katika Django 3.2.9, au kwamba Python 3.12 iliongezwa katika Django 4.2.8, tarakimu ya tatu ndiyo yenye habari. Mwenye 4.2.1 aliyesakinisha Python 3.12 yuko nje ya ahadi hata kama macho yake yameona "4.2" na "3.12" kwenye mstari mmoja.

Mfano wa zamani kidogo unaonyesha gharama ya tarakimu hiyo. Django 1.11 ya Aprili 2017 lilikuwa toleo la mwisho kuikubali Python 2, kwa hiyo liliishi sana kwenye seva za watu. Mwaka 2018 ikatoka Python 3.7, ambayo haikuvumilia namna fulani ya kuandika semi bila mabano. Django 1.11 ilikuwa na mstari wa namna hiyo ndani ya msimbo wake. Aliyeunganisha viwili hivyo alipata kosa la sarufi kutoka kwenye faili ambalo hakuliandika, na wengi walidhani kompyuta zao ni mbovu. Dawa ilikuja na 1.11.17, Desemba mwaka huo. Kabla ya hapo jibu sahihi lilikuwa kuliangalia jedwali na kutumia Python ya nyuma kidogo.

Kisa hicho kimejirudia kwa sura nyingine. Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, iliondoa moduli kadhaa kongwe, ikiwemo `cgi`. Django 3.2 huiita moduli hiyo. Sasa mchukue mwanafunzi mwenye laptop mpya yenye Python 3.13 na karatasi za kozi zilizoandikwa mwaka 2021 zikimwambia asakinishe Django 3.2. Usakinishaji unapita bila neno. Anapoanza kuitumia, terminali inamwambia hakuna moduli iitwayo `cgi`. Hakuna mahali katika karatasi zake palipotaja jina hilo. Atalitafuta mtandaoni, atakutana na mjadala wa seva za miaka ya tisini, na bando litakwisha. Hakukosea hata hatua moja: alifuata maelekezo yaliyokuwa sahihi siku yalipoandikwa, na mwenye karatasi hakurudi kuyapitia.

Kuna hali ya kinyume ambayo naiona mbaya zaidi kwa sababu haina kelele. Mtu ana kompyuta ya mkono wa pili yenye Python 3.8. Anaandika `pip install django` bila kutaja toleo. Zana ya `pip` husoma masharti ya kila toleo, inaona kwamba 5.2 inahitaji Python 3.10 au zaidi, na kimyakimya inamchagulia toleo jipya kabisa linaloikubali Python yake, yaani mojawapo ya 4.2. Yeye amefungua nyaraka za 5.2, maana ndizo zilizotokea mbele kwenye kivinjari. Anafuata hatua kwa hatua. Siku ya kwanza mambo yanakwenda, kwa kuwa tofauti ni ndogo. Kisha anafika kwenye `python manage.py shell`. Kuanzia 5.2 amri hii huziita modeli zako zote yenyewe, kwa hiyo maelekezo ya toleo hilo hayamlazimishi msomaji kuziita kwa mkono. Kwenye 4.2 jina la modeli halijulikani, na anajibiwa kwa kosa la `NameError` mbele ya mstari ambao ameunakili herufi kwa herufi.

Ndiyo maana mafunzo rasmi ya Django, katika sehemu yake ya kwanza, humtaka msomaji aandike `python -m django --version` kabla ya kitu kingine chochote. Kisha humweleza mafunzo hayo yameandikiwa Django ipi na Python ipi, na kwamba matoleo yasipolingana afungue mafunzo ya toleo lake kwa kitufe cha kubadilisha toleo kilicho kwenye kona ya ukurasa. Aya hiyo haina mvuto, na wasomaji wengi huiruka. Mimi naihesabu kuwa aya muhimu kuliko zote katika mafunzo yale. Mwandishi yeyote wa mafunzo kwa Kiswahili aiweke kwenye kazi yake, hata kama hataweka utangulizi.

Tazama sasa kazi ya kuusasisha ukurasa inavyofanyika. Mradi unapoacha kulikubali toleo fulani la Python, badiliko moja hugusa sehemu nyingi kwa mpigo: sharti lililo kwenye faili la usakinishaji, orodha ya mazingira ya majaribio, jedwali la matoleo, mstari wa utangulizi katika mafunzo, na maelezo ya toleo jipya yanayowaonya waliobaki nyuma. Uzuri wa kuweka vyote katika hazina moja unaonekana hapo. Mkaguzi akiona sharti limebadilika na jedwali halijabadilika, anairudisha kazi. Palipowezekana, namba haiandikwi kwa mkono. Zana ya Sphinx, ambayo Django imeitumia tangu mwaka 2008, huijaza yenyewe kutoka kwenye mipangilio ya mradi. Namba isiyoandikwa kwa mkono haiwezi kusahauliwa na mkono.

Vipengele vipya huwekewa alama inayosema kimeongezwa katika toleo gani, na vilivyobadilika huwekewa alama yake. Alama hizi hazikai milele. Baada ya matoleo kupita, wasimamizi huzifuta zile za zamani, kwa kuwa hakuna anayehudumiwa tena ambaye habari hiyo inamhusu. Usafi huu ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeisifia. Naona umuhimu wake kila ninaposoma nyaraka za miradi mingine zilizojaa matangazo ya mambo ya mwaka 2012, mpaka msomaji hajui kipi ni cha leo.

Kuna pia njia ya kustaafisha kitu. Django haiondoi kipengele ghafla. Kwanza hutoa onyo linaloonekana wakati programu inapoendeshwa, kisha hukiacha kikae kwa angalau matoleo mawili yenye vipengele vipya, ndipo hukiondoa. Chukua `url()`, amri iliyotumika kuunganisha anwani na kurasa. Mwaka 2017, Django 2.0 ilileta `path()`, iliyo rahisi kusoma. Django 3.1 ilianza kuonya kwamba `url()` inaondoka, na 4.0 ya Desemba 2021 ikaiondoa. Nyaraka rasmi zilibadilika kwa kila hatua. Vitabu, video na karatasi za kozi hazikubadilika, na hadi leo bado kuna wanaopokea kosa kwamba `url` haipatikani ndani ya `django.conf.urls`. Kosa hilo lina umri unaojulikana, na ukiliona unajua kwamba unachokisoma kiliandikiwa Django ya kabla ya 4.0.

Kazi hii haifanywi na wanaojitolea peke yao. Tangu 2014 Django Software Foundation hulipa watu wa kushughulikia mambo ya kila siku: kupokea taarifa za hitilafu, kukagua mabadiliko, kutoa matoleo. Wa kwanza alikuwa Tim Graham. Naitaja habari hii kwa sababu kuna imani kwamba programu huria hujiendesha kwa moyo mwema. Jedwali la matoleo haliwezi kuwa sahihi mwaka baada ya mwaka kwa moyo mwema tu. Kuna mtu ambaye ni wajibu wake, ana orodha ya hatua za kufuata kila toleo linapotoka, na analipwa.

Sasa seva. Amri ya `runserver` huanzisha seva nyepesi iliyoandikwa kwa Python, iliyomo ndani ya Django yenyewe, ili mtu aanze kazi bila kusakinisha Apache wala Nginx. Kabla ya kuanza, hukagua mradi wako na kukuambia kama kuna kasoro. Hukuambia pia kama kuna mabadiliko ya hifadhidata ambayo hujayatekeleza. Ndiyo yale maandishi mekundu yanayomtisha mwanafunzi siku ya kwanza, na mafunzo humwambia ayaache kwa sasa. Ukibadilisha faili la Python, seva hujianzisha upya yenyewe. Ukiongeza faili jipya, wakati mwingine haioni, na itakubidi uizime na kuiwasha mwenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho imeandikwa kwenye nyaraka, nami nawashukuru walioiandika. Mtu asiyeijua anaweza kupoteza jioni nzima akitafuta kosa katika msimbo usio na kosa.

Anwani 127.0.0.1 maana yake ni kompyuta hiyohiyo na hakuna mwingine. Ukitaka kuiona tovuti yako kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile, unaandika `python manage.py runserver 0.0.0.0:8000`, kisha unaongeza anwani ya kompyuta yako kwenye orodha ya `ALLOWED_HOSTS` katika mipangilio. Hapa ndipo maelekezo ya zamani huumiza. Mafunzo mengi ya mitaani yanataja hatua ya kwanza tu, na mtu hukutana na ukurasa wa kosa. Akitafuta msaada, anaambiwa aweke nyota ndani ya orodha hiyo, inayokubali jina lolote la seva. Kosa linaondoka. Nyota inabaki hapo, na miezi baadaye inapanda pamoja na mradi hadi kwenye seva ya umma.

Jambo zito zaidi ni lile ambalo nyaraka zimelisema kwa herufi kubwa kwa miaka mingi: seva hii isitumiwe kuhudumia watu halisi. Haijapitia ukaguzi wa usalama, haijapimwa kwa mzigo, na watengenezaji wamesema wazi kwamba hawana nia ya kuifanya hivyo, kwa kuwa kazi yao ni kutengeneza mfumo wa kujengea tovuti. Kwa kazi halisi kuna programu zilizojengwa kwa ajili hiyo, kama Gunicorn au uWSGI nyuma ya Nginx, na ukurasa wa upelekaji unaeleza hatua zake.

Onyo hilo lilikaa kwenye ukurasa wa wavuti kwa muda mrefu, na watu waliendelea kuiweka `runserver` kwenye seva za kukodi, kwa sababu waliokuwa wakifanya hivyo hawakuwa wakiusoma ukurasa huo. Walikuwa wakifuata video. Katika 5.2 mradi ulichukua hatua ninayoipenda sana: onyo liliwekwa pia ndani ya amri yenyewe. Ukiandika `runserver`, terminali inakuambia kwamba hii ni seva ya matengenezo na isitumike kwenye mazingira ya kazi halisi, na asiyetaka kuliona anaweza kulizima kwa kuweka `DJANGO_RUNSERVER_HIDE_WARNING`. Maelezo yameletwa mahali ambapo macho ya mtumiaji tayari yapo. Kwa maoni yangu, huo ndio uandishi wa nyaraka uliokomaa.

Badiliko dogo kama hilo nalo lina gharama. Mafunzo huonyesha kile kinachotokea kwenye terminali, mstari kwa mstari: namba ya toleo, jina la mipangilio, anwani ya seva, na kitufe cha kuizima. Terminali ikianza kusema kitu kipya, picha hiyo katika mafunzo lazima ibadilike, la sivyo mwanafunzi ataona onyo lisilokuwepo kwenye ukurasa na kudhani amekosea. Amri hutofautiana pia baina ya Windows na mifumo ya Linux na Mac, ndiyo sababu nyaraka huonyesha sampuli mbili, moja ikianza na `python` na nyingine na `py`.

Sehemu inayowachanganya wengi kuliko zote ni ya mafaili tuli, yaani picha, mitindo ya kurasa na JavaScript. `runserver` huyahudumia yenyewe maadamu `DEBUG` ni `True`. Mtu anaposikia, kwa haki kabisa, kwamba `DEBUG` isiachwe wazi kwenye seva ya umma, anaigeuza kuwa `False`, na ghafla tovuti yake inavuliwa rangi zote. Maandishi yapo, mitindo haipo, na hata ukurasa wa usimamizi unaonekana kama barua iliyopigwa chapa. Wengi huirudisha `True` ili rangi zirudi, na kwa kufanya hivyo wanamwonyesha kila mgeni undani wa msimbo wao pindi hitilafu inapotokea. Jibu limeandikwa: kwenye kazi halisi, mafaili hayo hukusanywa kwa `collectstatic` na kuhudumiwa na seva nyingine. Limeandikwa, lakini liko kurasa kadhaa mbali na mahali mtu anapoumia. Kama ningepewa nafasi ya kuongeza sentensi moja kwenye maelezo ya `runserver`, ningeeleza hapohapo kitakachotokea kwa mitindo siku `DEBUG` itakapozimwa.

Kwetu haya si mambo ya mbali. Mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, Novemba 2023, na wa pili Arusha, Agosti 2025. Warsha za Django Girls, zilizoanza Berlin mwaka 2014, zimewafundisha wanawake katika nchi nyingi hatua za kwanza, na hatua hizo zinapita kwenye `runserver`. Kiswahili chenyewe kimo ndani ya Django: weka `sw` kwenye `LANGUAGE_CODE` na sehemu ya ukurasa wa usimamizi itakuzungumzisha kwa Kiswahili. Tunao wasomaji, tunao walimu, na tunazo karatasi nyingi za kozi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye flashi.

Karatasi hizo ndizo zinazonipa wasiwasi. Mtu anayenunua bando la siku hawezi kufungua nyaraka rasmi kila anapokwama, kwa hiyo huhifadhi nakala. Hilo ni jambo jema, na mradi unalisaidia: nyaraka za Django zinapatikana kwa kupakuliwa nzima nzima, kama kurasa za HTML, PDF au ePub, kwa kila toleo. Pakua ile inayolingana na Django uliyosakinisha, na uandike jina la toleo kwenye folda. Nakala iliyoitwa "Django notes mpya" itakuwa ya zamani kabla hujajua, na atakayeipokea kutoka kwako hana namna ya kulitambua hilo.

Mwalimu naye ana njia rahisi ya kujilinda. Andika juu ya ukurasa wa kwanza toleo la Django na la Python ulilolijaribu, pamoja na mwezi na mwaka. Waagize wanafunzi wasakinishe toleo hilohilo kwa kulitaja, kwa mfano `pip install "Django~=5.2.0"`, ambayo hukubali viraka vya 5.2 na kukataa kurukia toleo jingine. Chagua toleo la msaada wa muda mrefu, maana kozi ya chuo haiwezi kubadilika kila baada ya miezi 8. Kisha, kila toleo la nukta mbili linapotoka, pitia karatasi yako yote ukiwa na kompyuta isiyo na kitu, uandike kila amri kwa mkono, na ulinganishe unachokiona na ulichokiandika. Kazi hiyo itakuchukua siku nzima. Huwezi kuikwepa kwa kusoma tu, kwa sababu jicho huyasamehe makosa ambayo terminali haiyasamehe.

Na ukikuta kosa kwenye nyaraka rasmi zenyewe, lirekebishe. Faili ni maandishi ya kawaida ndani ya folda ya `docs`. Kosa dogo la herufi halihitaji hata kufunguliwa taarifa. Unatuma badiliko lako kwenye GitHub na mkaguzi analitazama. Badiliko kubwa zaidi linaanzia kwenye taarifa, na kama linahusu toleo linalohudumiwa, wasimamizi hulirudisha pia kwenye tawi la toleo hilo ili wasomaji wake walione mara moja. Watu wengi walioingia kwenye mradi huu waliingia kwa mlango huo. Anza na jedwali la matoleo: lifungue leo, lilinganishe na Python iliyo kwenye kompyuta yako na Django iliyo kwenye seva ya mteja wako, na kama moja kati yake limekwisha muda, panga siku ya kuhama kabla ya kufungua sura inayofuata.